Namna ya Kumnyamazisha Mchora Vibonzo: Mwongozo kwa Mheshimiwa, kwa Kuzingatia Uzoefu wa Ufaransa

Mheshimiwa,

Pole kwa yaliyokukuta. Hotuba ya mpinzani hujibiwa kwa hotuba, na makala ya gazeti hujibiwa kwa taarifa ya kitengo cha mawasiliano. Lakini mtu akishakuchora una mashavu ya kuning'inia na tumbo linalofika mkutanoni nusu saa kabla yako, utamjibu kwa hoja gani? Huwezi kuwaita waandishi wa habari ukawasomea tamko kwamba mashavu yako hayaning'inii. Ukithubutu, hata yule ambaye hakuwa ameiona picha ataitafuta.

Usihangaike kubuni mbinu mpya. Mbinu zote zilishajaribiwa Ufaransa katika karne ya 19, kwa fedha za walipa kodi wa huko, juu ya mtu mmoja aitwaye Honoré Daumier. Mfalme alimjaribu, jamhuri ikamjaribu, kaizari naye akamjaribu. Alifungwa, akatozwa faini, akatungiwa sheria, akaahidiwa nishani. Alipokufa aliacha picha za chapa ya jiwe zipatazo 4,000, picha za chapa ya mbao zipatazo 1,000, picha za rangi kwa mamia, pamoja na sanamu za udongo. Utaona basi kwamba mbinu hizo zina kasoro ndogo ndogo. Mwongozo huu umeandaliwa ili uzirudie kwa mpangilio mzuri zaidi.

MAHITAJI

Mchoraji mmoja, awe fukara. Kiti cha enzi kimoja. Mwendesha mashtaka mwenye bidii na asiyejua utani. Gereza lenye nafasi. Wabunge walioshiba. Subira ya karibu miaka 50.

KUMFAHAMU MLENGWA

Daumier alizaliwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, Februari 1808. Baba yake alikuwa fundi wa kukata na kuweka vioo ambaye siku moja aliamini kwamba yeye ni mshairi mkubwa, akaacha vioo, akaenda Paris kutafuta sifa. Familia ikamfuata. Sifa hazikuja, njaa ikaja. Mtoto Honoré, hata ndevu hajaota, akapewa kazi ya utarishi kwa dalali wa mahakama, halafu akawa kijana wa duka la vitabu pale Palais-Royal.

Tia alama hapo, Mheshimiwa. Dola ilimwachia mtoto maskini mwenye macho makali aingie na kutoka kwenye korido za mahakama kila siku, akiwatazama mawakili wanavyopanga majoho yao na wadaiwa wanavyolia. Picha nyingi ambazo zingekuja kuwakera mawakili wa Paris miaka 25 baadaye zilianza kukusanywa pale, bila malipo.

Baadaye alipata mafunzo kidogo ya uchoraji kwa Alexandre Lenoir, akajifunza na kazi ya chapa ya jiwe. Hiyo ndiyo silaha yenyewe, na ni vyema uielewe kabla hujaamuru ikamatwe.

Chapa ya jiwe iligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Unachukua bamba zito la jiwe la chokaa lililosuguliwa hadi likalainika. Unalichora kwa kalamu yenye mafuta, nta na masizi. Kisha jiwe linapakwa mchanganyiko wa gundi na tindikali kidogo, linalowanishwa maji, ndipo linapitishiwa rola ya wino. Maji na mafuta havipatani: palipo na mchoro wino unashika, palipo patupu wino unakataa. Karatasi ikilazwa juu na kubanwa kwenye mashine, picha inatoka, ila kulia kumekuwa kushoto, kwa hiyo mchoraji hujizoeza kuwaza kinyumenyume. Kuchonga bamba la shaba kwa ustadi kulichukua wiki nyingi. Jiwe linachorwa usiku mmoja na kutoa nakala kwa maelfu. Kazi ikiisha, linasuguliwa upya na kuchorwa tena. Jiwe halina chama wala kumbukumbu, na ndiyo maana ni hatari: leo limebeba tangazo la manukato, kesho limekubeba wewe.

HATUA YA 1: MFIKISHE MAHAKAMANI, TENA MBELE YA WATU

Julai 1830 wananchi wa Paris walimpindua Mfalme Charles wa Kumi. Akapanda Louis-Philippe, aliyejinadi kuwa mfalme wa raia wa kawaida, akitembea mitaani na mwavuli wake. Katiba mpya iliahidi kwamba udhibiti wa maandishi hautarudishwa kamwe. Watu wakaamini. Mmoja wao, Charles Philipon, akaanzisha gazeti la La Caricature Novemba 1830, na miaka miwili baadaye gazeti la kila siku la Le Charivari. Daumier akawa kijana wake.

Novemba 1831 Philipon alishtakiwa kwa kumchora mfalme vibaya. Mwendesha mashtaka alifanya kosa la kitaalamu: alimwacha mshtakiwa ajitetee akiwa na kalamu mkononi. Philipon akachora vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa uso wa mfalme, mwembamba juu na mnene mashavuni. Cha pili kilikuwa uso huohuo umelegea kidogo. Cha tatu kililegea zaidi. Cha nne kilikuwa tunda la peasi, na kwa watu wa Paris neno hilo lilimaanisha pia mtu bwege. Akaiuliza mahakama: mkinifunga kwa picha ya kwanza, itabidi mnifunge kwa ya pili maana zinafanana, na kwa ya tatu, na kwa ya nne. Je, ni kosa langu kama peasi zimefanana na Mfalme?

Alifungwa miezi sita na kutozwa faini ya faranga 2,000. Kisheria ulikuwa ushindi mnono. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo watoto wa Paris waliacha kuchora vitu vingine ukutani. Kila ukuta ukawa na peasi, na polisi hawakujua wakamate kuta au wauza matunda.

Funzo: mshtaki, ila mnyang'anye kalamu kwanza.

HATUA YA 2: MFUNGE

Desemba 1831 Daumier alichora picha aliyoiita Gargantua, jina la jitu lafi katika hadithi za kale za mwandishi Rabelais. Mfalme amekaa kwenye kiti kikubwa ambacho ukikitazama vizuri unagundua ni kiti cha choo. Ubao mrefu umetoka chini hadi mdomoni mwake. Maskini waliochanika nguo wanatoa sarafu zao, mawaziri wanazibeba kwenye vikapu, wanapanda ubao, wanazimwaga kooni. Kwa chini, upande ule mwingine wa mmeng'enyo, zinatoka nishani na barua za uteuzi, na wabunge wameshatega mikono.

Mheshimiwa atakubali kwamba ni maelezo ya kina kuhusu mfumo wa kodi, na kwamba mtu asiyejua kusoma angeyaelewa. Hapo ndipo penye jinai. Picha iliwekwa kwenye dirisha la duka la Aubert, shemeji yake Philipon, na watu wakajazana. Serikali ikaamuru jiwe na nakala ziharibiwe. Februari 1832 Daumier alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500, kwa kuchochea chuki dhidi ya serikali na kumtusi Mfalme. Hawakumfunga papo hapo. Walitaka kumwona kama ameshika adabu. Akachora nyingine. Mwishoni mwa Agosti wakamchukua na kumpeleka Sainte-Pélagie.

Sainte-Pélagie lilikuwa gereza la Paris lililopokea wapinzani na watu wa magazeti kwa wingi, na Philipon naye alipita humo. Kwa maneno mengine, serikali ilichukua wakorofi wote waliokuwa wametawanyika mjini, ikawakusanya pamoja, ikawapa chakula na muda wa kuzungumza. Sehemu ya kifungo Daumier aliitumikia katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya daktari Pinel, na huko pia aliendelea kuchora. Aliingia kijana wa miaka 24 ambaye jina lake walilijua wateja wa duka moja. Alipotoka mwanzoni mwa 1833, Paris nzima ilimjua.

HATUA YA 3: MKAMUE KWA FAINI

Ukimfunga mchoraji, unamlisha wewe. Ukimtoza faini, anakulisha yeye. Kwa hesabu hii serikali ya Louis-Philippe iliwamiminia faini magazeti ya Philipon mfululizo.

Philipon akajibu kwa kuanzisha chama cha wachangiaji, L'Association mensuelle. Wanachama walilipa ada, fedha zikaenda kwenye faini, na kila mwezi kila mwanachama akapata picha moja kubwa, nzuri kuliko za gazetini, kwenye karatasi bora. Yaani faini za serikali zikawa ndizo mfadhili wa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora Daumier. Chama kilitoa picha 24, baadhi zikiwa za Daumier.

Mojawapo, ya Januari 1834, inaitwa Le Ventre législatif, yaani Tumbo la Kutunga Sheria. Ni wabunge wa upande wa serikali wamekaa kwenye mabenchi yao ya nusu duara. Mmoja anasinzia, mwingine anapenga kamasi, wengine wanateta. Hakuna aliyetiwa pembe wala mkia. Wapo tu, wazito. Daumier aliweza kuwapata hivyo kwa sababu Philipon alikuwa amemtuma awafinyange: aliwatazama, akarudi, akawatengeneza vichwa vidogo vya udongo kwa kumbukumbu, akavipaka rangi, kisha akavitumia kama vielelezo. Vilivyosalia ni 36. Udongo haukuwahi kuchomwa tanuruni, na kila pua, kila kidevu, bado unaona alama ya dole gumba lililoamua.

Picha ya 24 haichekeshi wala haikukusudiwa kuchekesha. Aprili 1834 wafumaji wa hariri wa Lyon waliinuka, na vuguvugu likafika Paris. Katika mtaa wa Transnonain wanajeshi walidai wamepigwa risasi kutoka nyumba namba 12. Wakaingia usiku, wakaua wakazi wapatao 12. Daumier akachora chumba. Kitanda kimevurugika, kiti kimepinduka. Mwanamume mwenye shati la kulalia na kofia yake ya usiku amekaa sakafuni akiegemea kitanda, mfu, na chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga mwenye damu kichwani. Gizani kuna mwili wa mwanamke. Pembeni, kichwa cha mzee. Hakuna askari hata mmoja pichani, wala maelezo marefu. Kuna jina la mtaa na tarehe, basi.

Watu walisimama mbele ya dirisha la Aubert kuitazama. Serikali ikakimbilia kukamata nakala na jiwe. Jiwe walilipata. Nakala zilizokwisha kutoka hawakuzipata zote, na ndizo zilizomo leo katika makumbusho ya dunia. Taarifa rasmi ya jeshi kuhusu usiku ule nayo ipo kwenye nyaraka, kwa yeyote mwenye nafasi ya kwenda kuisoma. Wenye nafasi hiyo ni wachache mno.

HATUA YA 4: TUNGA SHERIA

Hapa tunafika kwenye kazi ya kitaalamu. Tarehe 28 Julai 1835 mtu aitwaye Fieschi alifyatua mtambo wenye mitutu 25 ya bunduki dhidi ya msafara wa Mfalme. Watu 18 walikufa; Mfalme akapata mchubuko. Mheshimiwa anajua kwamba tukio la namna hii halipaswi kupita bila kunufaisha muswada. Septemba mwaka huohuo sheria mpya zikapita. Dhamana ya kuanzisha gazeti la kila siku Paris ikapanda hadi faranga 100,000, na picha yoyote ikahitaji kibali kabla ya kuchapishwa.

Lakini katiba ilikataza udhibiti! Wanasheria wa serikali walitatua hilo kwa ufundi ambao mpaka leo unastahili kuigwa. Walisema katiba inalinda maoni, na maandishi ni maoni. Picha si maoni bali ni tendo, kwa kuwa inaingia machoni moja kwa moja na kumtikisa mtu kabla hajawaza. Tendo halina kinga. Kwa hiyo Mfaransa aliweza kuandika bila kibali kwamba waziri ni mwizi, ila si kumchora akiwa na gunia. Kwa wasanii hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote walizowahi kupewa na wanasheria.

La Caricature likafungwa. Le Charivari likabaki, na Daumier akapigwa marufuku kumgusa Mfalme. Basi akauchora ufalme.

Alimchukua Robert Macaire, tapeli wa jukwaani aliyepata umaarufu kupitia mwigizaji Frédérick Lemaître, na kuanzia 1836 akamfanya afisa wa kila idara. Macaire anauza hisa za kampuni hewa. Macaire ni wakili, daktari, mhariri, mwekezaji. Maneno ya chini ya picha aliyatunga Philipon. Miili, mabega na tabasamu ni vya Daumier. Picha zikafika 100. Baadaye akawageukia wenye nyumba na wapangaji wao, mume na mke mezani, mashujaa wa Ugiriki ya kale wenye vitambi, na kuanzia 1845 mawakili na mahakimu. Humo kuna wakili anayelia kwa hisia mbele ya baraza huku mteja wake akishangaa machozi yametoka wapi, na mahakimu waliolala fofofo wakati uhai wa mtu unajadiliwa.

Kabla ya sheria, Mfalme na watu wake tu ndio waliokuwa na sababu ya kuliogopa gazeti asubuhi. Baada ya sheria, kila mwenye cheo, duka au joho alilifungua kwa wasiwasi. Sheria ilifanikiwa kusambaza usumbufu kwa usawa.

HATUA YA 5: MPE KAZI YA SERIKALI

Mwaka 1848 Louis-Philippe alikimbia, jamhuri ikatangazwa. Daumier alimuaga kwa kumchora mtoto wa mtaani akiruka juu ya kiti cha enzi kupima ulaini wa mto wake. Watawala wapya walikuwa watu wenye nia njema, na mwenye nia njema humnyamazisha msanii kwa zabuni.

Kulitangazwa shindano la picha ya kuiwakilisha Jamhuri. Daumier, ambaye alikuwa amepaka rangi kimyakimya kwa miaka, aliwasilisha mchoro wa awali: mwanamke mwenye misuli ameketi na bendera, watoto wawili wakubwa wananyonya maziwa yake, wa tatu ameketi miguuni pake anasoma kitabu. Majaji walimweka wa 11 kati ya 20 waliotakiwa kuendelea hatua ya pili.

Hakuimaliza. Yule ambaye kwa miaka mingi alitoa picha juu ya picha chini ya vitisho alishindwa kutoa moja chini ya pongezi. Mbinu hii, kwa hiyo, inaonyesha matumaini. Bahati mbaya jamhuri haikudumu kiasi cha kuifuatilia.

HATUA YA 6: MTISHE NYUMBANI, AKIZOEA, MPE NISHANI

Louis-Napoléon, mtoto wa ndugu yake Napoléon, alikuwa rais aliyetaka kuwa kaizari, na alikuwa na vijana wake wa kuandaa mapokezi, kugawa vinywaji na kuwabonda wasiopiga makofi. Mwaka 1851 Daumier aliwafinyanga wote katika kijisanamu kimoja, akakiita Ratapoil: mtu mkondefu, koti limemlegea, kofia imebonyea, masharubu kama ya bosi wake, na mkononi rungu. Mwanahistoria Michelet alikitembelea na kukisifu. Tarehe 2 Desemba mwaka huo mapinduzi yakafanyika, na kumiliki kitu kile kukawa hatari. Inasimuliwa kwamba mkewe Daumier, Alexandrine, mshonaji nguo, alikuwa akikihamisha kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine kwa hofu ya upekuzi.

Mheshimiwa, tafadhali zingatia: mnapopekua, ulizeni kwanza mama wa nyumba yuko wapi. Ratapoil hakupatikana. Baadaye alimiminwa kwa shaba nyeusi, na leo anatembea kifua mbele ndani ya makumbusho.

Utawala wa kaizari ulidumu karibu miaka 20 na udhibiti wake wa magazeti. Ulipokaribia mwisho, mwaka 1870, ulijaribu upole: Daumier akapewa nishani ya Légion d'honneur. Rafiki yake, mchoraji Courbet, aliyepewa pia, alikataa kwa barua ya wazi iliyosomwa na kila mtu. Daumier alikataa taratibu, bila kelele, jambo linaloudhi zaidi maana halikupi cha kujibu. Tena alikuwa amekwisha kueleza mapema, mwaka 1831, nishani zinatoka wapi.

Miezi michache baadaye kaizari alishindwa vitani na Waprusi. Huyo ndiye aliyewahi kuwaahidi Wafaransa kwamba utawala wake maana yake ni amani. Daumier alichora kijiji kilichoteketea na maiti barabarani, akaweka ahadi ile chini yake kama ilivyotamkwa. Hakuongeza neno.

HATUA YA 7: MCHOKE

Mpaka hapa Mheshimiwa atakuwa ameanza kukata tamaa. Usikate. Ipo mbinu moja iliyofanya kazi, na haikutumia askari, hakimu wala bajeti. Haikutumiwa hata na serikali. Wasomaji ndio waliotumia.

Kwa miaka mingi Daumier alitakiwa kuchekesha kwenye ukurasa wa tatu wa Le Charivari. Watu walifungua, wakacheka, wakaenda ukurasa wa nne. Wenzake wa kazi walijua ni nani aliye mbele yao: mchoraji Delacroix alinakili michoro yake ili ajifunze, mwandishi Balzac alimfananisha na Michelangelo, mshairi Baudelaire aliandika mwaka 1857 kwamba ni mmoja wa watu muhimu katika sanaa nzima ya wakati ule. Baadaye mchoraji Degas angekusanya chapa zake kwa mamia. Lakini mwaka 1860 gazeti lilimwachisha kazi, na sababu inayotajwa ni kwamba wasomaji walikuwa wamemchoka. Kwa karibu miaka minne hakuwa na mshahara.

Ndipo alipopaka rangi zaidi. Alikuwa akiishi kisiwa cha Saint-Louis, katikati ya mto Seine, kwenye ukingo wa Anjou, na chini ya dirisha lake wafuaji walipanda ngazi kutoka mtoni. Mmoja wao yumo kwenye picha yake maarufu: mwanamke mnene wa kazi, bunda la nguo mkono mmoja, mkono wa pili umemshika mtoto anayejitahidi kupanda ngazi ndefu kuliko miguu yake. Katika nyingine, Behewa la Daraja la Tatu, kuna bibi kizee na kikapu, mama anayenyonyesha, kijana aliyelala, na nyuma yao vichwa vya abiria wasiotazamana. Hakuna anayedhihakiwa. Mkono uliokuwa ukiwaumbua mawaziri uliwachora maskini hao kwa uzito uleule na bila kuwahurumia kwa kejeli, na ndiyo sababu wanahistoria wa sanaa humweka pamoja na Courbet na Millet katika safu ya mbele ya uhalisia. Picha ya behewa iliyopo New York haikukamilika. Mistari ya miraba aliyopimia bado inaonekana mpaka leo.

Karibu hakuna aliyenunua. Kwa umma yeye alikuwa yule wa kuchekesha, na wa kuchekesha anapotoa picha ya mfuaji aliyechoka, watu husubiri utani, wakiukosa huondoka. Gazeti lilimrudisha mwishoni mwa 1863, akachora tena hadi macho yalipoanza kufifia miaka ya 1870. Alihamia kijiji cha Valmondois, kaskazini mwa Paris, na mchoraji Corot ni miongoni mwa marafiki waliomsaidia asikose paa. Mwaka 1878 marafiki waliandaa maonyesho ya picha zake katika ukumbi wa Durand-Ruel, Victor Hugo akiwa rais wa heshima. Tiketi hazikurudisha gharama.

Angalia jinsi kazi ilivyokuwa safi, Mheshimiwa. Hakuna damu, hakuna kesi, hakuna balozi wa kulalamika. Mfalme alimfunga miezi sita akatoka na nguvu. Wananchi waliompenda walizichekea picha zake miaka 30, wakamchoka, akabaki na turubai zimegeuziwa ukuta.

HATUA YA 8: MZIKE VIZURI

Alifariki Februari 1879, kipofu au karibu na hapo. Mwaka uliofuata mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Père-Lachaise, Paris, karibu na Corot. Vichwa vile vya udongo viko Musée d'Orsay, mali ya taifa, ndani ya kabati la kioo. Mfu ana faida nyingi: hachori, na anaweza kutajwa kwenye hotuba.

Tahadhari moja. Wale waliofinyangwa walikuwa na mashamba, vyeo na picha rasmi walizolipia wenyewe. Leo wengi wao wanajulikana kwa pua ambazo Daumier aliwafinyangia.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nikicheka pamoja nao?
Inashauriwa. Nunua mchoro wenyewe, uning'inize ofisini, waonyeshe wageni. Mchoraji atavurugikiwa, na wananchi watasema una moyo mpana. Kodi itaendelea kupanda ubao kama kawaida.

Je, nikiacha kufanya hayo ninayochorwa?
Ufaransa haikutuachia uzoefu wowote katika eneo hili.

Je, gharama kubwa ya mwongozo huu iko wapi?
Hatua ya 1 hadi ya 6 zinagharimu fedha nyingi na zinamjenga mlengwa. Hatua ya 8 ni nafuu lakini inachelewa. Kwa matokeo ya haraka tumia hatua ya 7, ambayo huwezi kuitekeleza peke yako. Unahitaji umma unaosambaza kibonzo asubuhi, unakisahau mchana, na haujawahi kumnunulia mchoraji hata penseli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mshauri.

Nakala:
Mwendesha mashtaka: kwa utekelezaji wa hatua ya 1 hadi ya 3.
Bunge: kwa utekelezaji wa hatua ya 4.
Kamati ya nishani: kwa utekelezaji wa hatua ya 5 na ya 6.
Makumbusho ya taifa: kwa maandalizi ya hatua ya 8.
Msomaji: kwa utekelezaji wa hatua ya 7. Hakuna haja ya kukiri kuipokea. Taarifa tulizonazo zinaonyesha umeshaanza.